Mtia Chumvi wa Mahurunga

Bi Asia wa Mahurunga hakupima chumvi kwa kijiko. Alizamisha vidole vitatu kwenye kifuu cha chumvi, akabana, akaupitisha mkono juu ya chungu mara moja, kisha akageuka akaenda zake bila kuonja. Kuonja, alikuwa akisema, ni kazi ya wasiojiamini. Na kwa muda wote alioifanya kazi hiyo, hakuna aliyewahi kumrudia kumwambia kwamba mchuzi umekolea mno au umepooza. Labda hakuna aliyethubutu.

Kazi, nasema, ijapokuwa hailipwi. Upande ule wa mto Ruvuma chumvi ina masharti. Mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha watu. Nyumba iliyotoka kuzika haitii. Maharusi nao, chungu cha kwanza cha nyumba yao hakitiwi chumvi na bibi harusi, hata awe na umri gani. Wote hao wana moto, na mwenye moto akigusa chumvi, wanaokula wanashikwa na kikohozi cha kupasua mbavu. Basi huitwa mtu wa baridi, mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, hana mume, hana hawara, hana hata wa kumkonyeza. Kuna wanaomtumia mtoto mdogo, lakini mtoto ukimwambia tia chumvi atamimina pakiti nzima.

Bi Asia alikuwa baridi ya kutosha. Mumewe Hashimu alifariki akamwachia mikorosho, jembe, na redio isiyoshika stesheni. Binti yao Farida alikuwa ameshahamia Magomeni, Mtwara mjini, anauza vitumbua. Mwaka wa kwanza wa ujane Bi Asia aliweza kushinda kutwa bila kusema na yeyote ila kuku, na kuku wenyewe hawakuwa wasikivu. Ndipo mtia chumvi wa zamani alipofariki, wanawake wakakaa kikao, wakamchagua yeye. Tangu hapo haikupita siku bila sauti uani: "Hodi Bi Asia! Chungu kinachemka!" Naye anatupia kanga begani, anatoka. Alipenda kuitwa. Alijifanya anasumbuliwa, anaguna, anasema jamani mtaniua na vyungu vyenu, lakini siku asiyoitwa hadi adhuhuri alianza kuzungukazunguka karibu na moshi wa majirani.

Jirani yake wa ukuta, Somoe, alikitamani sana kifuu kile. Siku ya uchaguzi alikuwa na kasoro moja tu, mumewe alikuwa hai na hakuonyesha haraka yoyote. Mume alipokuja kufariki, nafasi ilikuwa imeshajaa. Somoe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewekwa kwenye foleni, na mtu wa kwenye foleni huwa haachi kumwangalia aliye mbele yake.

Na alikuwako Pedro, fundi baiskeli. Jina hilo aliandikiwa na karani wa ng'ambo ya mto, Msumbiji, alikozaliwa. Msikitini anaitwa Idrisa, ila Mahurunga ilishazoea Pedro na haikuona sababu ya kubadilisha. Mgane, mpole, vidole vyake havikosi grisi. Kila asubuhi akienda kibandani kwake alisimama nje ya ua wa Bi Asia.

"Mama Farida, umeamkaje?"

Akijibiwa salama, alitikisa kichwa akapita. Akijibiwa goti linauma, aliuliza: la kushoto au la kulia? Basi, hayo tu. Hakuna aliyeyatilia maanani, na Bi Asia mwenyewe hakuyatilia maanani.

Mambo yaliharibika likizo ya Desemba, siku ya kumtoa mwali nyumbani kwa Amina, mama mwenye watoto wengi na sufuria kubwa kuliko zote kijijini. Wanawake walijazana ndani, wakaimba, wakacheza, wakapokezana kata moja ya togwa, wakafokeana mashairi ya unyago pua kwa pua. Mgeni mmoja kutoka mjini alikuwa anapiga chafya tangu alipofika, na kila akipiga chafya walimshangilia. Pilau ilipokaribia kuiva Bi Asia akaitwa. Akabana, akapitisha mkono, akageuka.

Wiki haikuisha, kijiji kizima kinakohoa.

Mtu wa zahanati angesema ni virusi vya mafua, na kwamba mkijifungia chumba kimoja mkafokeana usoni mtagawana virusi kama mlivyogawana pilau. Mahurunga ilikuwa na akili yake, na akili hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Nani alitia chumvi? Bi Asia. Bi Asia si ni baridi? Ni baridi. Sasa mbona tunakohoa? Swali hilo lingejifia lenyewe, maana watu walimheshimu, kama Bi Asia asingeugua kuliko wote.

Alilala kwa homa, kifua kinamkwaruza. Majirani wakaja kumjulia hali, na mgonjwa hajuliwi hali kwa mikono mitupu. Mhudumu wa afya alikuwa ameshapita na kipaza sauti akitangaza kwamba mwenye mafua anywe maji, na Mahurunga, ambayo mara nyingi haikuwa ikimsikiliza, safari hii ilimsikiliza kwa moyo wote. Bi Asia akaletewa dafu la Amina, akanywa. Akaletewa uji mwembamba wa muhogo, akanywa. Akaletewa mchaichai. Somoe akaja na birika zima la chai ya tangawizi, akasimama pale pale kuhakikisha hakibaki kitu. Mwingine akaleta kombe aliloandikiwa na mwalimu wa madrasa, na kombe si kinywaji kingi, ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani moja, zikasuuzwa. Lakini jirani wa pili naye alileta la mwalimu mwingine, na huwezi kunywa la mwalimu huyu ukaliacha la yule. Yote aliyanywa. Ukimrudishia mtu dafu lake umemwambia ana sumu, na Bi Asia hakuwa mtu wa kumwambia jirani maneno hayo.

Alipokataa chakula, wakasema ni kiu. Wakaongeza.

Farida alipofika kutoka Magomeni alimkuta mama yake ameketi kitandani, kandambili zake zimepangwa mbele yake, anazitia chumvi. Anabana, anapitisha mkono, anageukia ukutani.

"Mama, unafanya nini?"

"Hizi za jirani," Bi Asia akajibu kwa adabu. "Mwenyewe yuko kwenye siku zake."

Farida alitaka kucheka. Kisha akaona macho ya mama yake yanamtazama kama anavyotazamwa mpita njia, na kicheko kikageuka yowe. Likasimamishwa gari lililokuwa linapeleka korosho ghalani mjini, mgonjwa akapandishwa juu ya magunia, Somoe naye akapanda kwa sababu hakuna aliyewahi kumzuia Somoe kupanda kitu. Kandambili moja ilianguka mlangoni, nyingine ikabaki uvunguni. Walipopita Madimba, kwenye mtambo wa gesi, Bi Asia aliinua kichwa akauliza nani kaacha jiko linawaka na chungu hakuna.

Hospitalini alipokelewa na Daktari Gideoni, kijana wa Njombe, mpole, mwenye kusema kweli palipo na watu na pasipo na watu. Alimwekea oksijeni, akachukua damu na ute wa puani, akarudi baadaye na majibu. Mafua yameshuka mapafuni, alisema. Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo linalomchanganya akili.

"Chumvi ya kwenye damu imeshuka. Imeshuka sana."

Somoe alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Kikohozi chake mwenyewe kilikatika kwa mshtuko.

"Imeshuka, dakitari?"

"Sana."

"Yaani imentoka?"

"Tuseme hivyo kwa sasa," alisema Daktari Gideoni, akiwa na wagonjwa wengine saba wanaomngoja. Hilo lilikuwa kosa lake la pekee katika kisa hiki, na lilitosha.

Wakati ule ule Bi Asia, ambaye alikuwa amelala kimya, akafumbua macho akaita kwa sauti iliyosikika wodi nzima: "Pedro!" Watu wakageuka. "Pedro! La kushoto!"

Somoe akatoka nje na simu yake.

Habari ilifika Mahurunga kabla Bi Asia hajapata shuka. Ikakaliwa kikao, na sijui kama mahakama yoyote imewahi kupata kesi iliyokamilika namna ile. Mtia chumvi alipata moto. Moto wenyewe unaitwa Pedro. Akatia chumvi na moto wake kwenye sufuria ya unyago, kijiji kikakohoa. Chumvi nayo, ilipoona imedhulumiwa, ikamhama hata damuni. Daktari msomi kathibitisha. Kilichobaki kujulikana ni hilo la kushoto ni nini, na kuhusu hilo kulikuwa na maoni mengi ambayo siwezi kuyaandika. Mchana ule ule vijana wawili walikwenda kibandani kwa Pedro kujaza upepo magurudumu yaliyokuwa yamejaa tayari, wapate kumtazama.

Bi Asia hakuyajua hayo. Alikuwa kwenye kazi ya kutia chumvi. Alimtia muuguzi Esta kichwani, akazitia shuka, akaitia hata dripu iliyokuwa ikimtia yeye, maana Daktari Gideoni alikuwa ameagiza maji yenye chumvi kali, ila tone kwa tone. Chumvi iliyoshuka ikipandishwa kwa pupa ubongo unaweza kuumia. Somoe, aliyesikia habari ya dripu ya chumvi akaona inachelewa bure, alimnong'onezea mgonjwa afumbue kinywa, akambwagia ulimini vidole vitatu vya chumvi kutoka kwenye pakiti aliyoificha kwenye upindo wa kanga. Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kutia chumvi kitu kinachohesabika, na alipokuwa akitia mkono ulimtetemeka. Esta akamkamata, akamnyang'anya pakiti, akamtoa wodini.

Kisha akili ya Bi Asia ikarudi. Ilirudi pole pole, kwanza akatambua dari, halafu Farida, halafu kiu. Kiu hiyo ilikuwa mateso. Esta alimpimia kikombe kidogo, akasema basi hadi mchana. Bi Asia alidhani anaadhibiwa.

"Nimekosa nini, mwanangu?"

Hapo Farida akamweleza. Alianza akicheka, akafika kwa Pedro akacheka zaidi, akafika kwenye kikao akaacha kucheka, na alipofika mwisho alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bi Asia alisikiliza yote. Mambo ya Pedro hayakumtia hasira hata. Aliyaona ya kipuuzi kabisa. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani anatia sasa?"

"Somoe," Farida akasema.

Bi Asia akageukia ukuta. Aliuona ua wake kama ulivyokuwa mwaka ule wa kwanza, umefagiliwa, hakuna hodi, adhuhuri inapita, alasiri inapita, na yeye anawaeleza kuku habari za Hashimu. Aliogopa. Homa haikuwa imemwogopesha, wala oksijeni, lakini ua ule ulimwogopesha hadi akauma shuka.

Daktari alipopita akamshika mkono wa koti. "Dakitari, baba, nakuomba. Waje watu wa kwetu, uwaambie kwa kinywa chako mimi baridi."

Daktari Gideoni akamgusa paji la uso. "Homa imekwisha, bibi. Huna joto."

"Siyo homa. Waambie sina ntu."

Kijana wa Njombe akamtazama Esta. Esta, mzaliwa wa Mtwara, akatazama dirishani. "Kubali tu, dokta," alisema. "Nitakueleza."

Wakaja siku iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa: Somoe, Amina, na mke wa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakusema kitu siku zote ila uwepo wake ulikuwa na maana ya serikali. Walikuwa wamebeba hotipoti. Wakasalimia, wakatoa pole, wakaketi kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa wazi. Amina akafunua hotipoti, ndani wali mweupe, akaweka kando yake pakiti ya chumvi.

"Huu wali haujatiwa kitu," alisema bila kumtazama Bi Asia. "Tumekubaliana utie wewe, hapa mbele yetu, kisha tule sote. Tusipokohoa, tumekusingizia, tutakuomba radhi. Tukikohoa..."

Akakohoa.

"Mnakohoa tayari," Farida akasema.

"Tukikohoa zaidi," Somoe akafafanua.

"Mtajuaje ni zaidi?"

Jambo hilo halikuwa limejadiliwa. Mke wa mwenyekiti akakohoa naye, ikawa vigumu kuamua kama hicho ni cha zamani au ni kipya. Bi Asia alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea kwenye chumvi. Vidole vilikuwa vimekonda, ila vilijua kazi. Kama angeambiwa aiteketeze hospitali ili apate kuitwa tena uani kwake, angeuliza kiberiti kiko wapi.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Daktari Gideoni, mlangoni. "Nani anampa mgonjwa wangu chumvi?"

"Imentoka, baba," Amina akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Daktari akavuta kiti akaketi, na safari hii akaeleza yote. Chumvi ya Bi Asia haikwenda popote. Ugonjwa wa mapafu wa namna ile huweza kuuchanganya mwili, ukayazuia maji ambayo ungeyatoa kama mkojo. Maji yanajaa kwenye damu, na chumvi ile ile iliyokuwamo inakuwa kidogo ndani ya maji mengi.

"Nyinyi ni wapishi," alisema. "Mchuzi umekolea vizuri. Mtu akaja akamimina ndoo ya maji. Mtasema chumvi imetoka?"

Mchuzi waliuelewa. Akina mama watatu waliutazama mchuzi ule akilini mwao, na ulikuwa umeharibika kabisa.

"Hapana," Amina akasema taratibu. "Nitauliza nani kamimina maji."

"Mwili wenyewe uliyashika. Lakini yaliingia mengi mno. Nani alikuwa anamnywesha?"

Sijawahi kuona watu watatu wanasahau kukohoa kwa pamoja, ila nimeambiwa ndivyo ilivyokuwa. Somoe akaanza kukunja upindo wa kanga. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa kimya siku zote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitetea.

"Mimi uji wangu ulikuwa nzito."

"Ulikuwa mwepesi," Somoe akasema. "Niliuona."

"Na birika lako?"

"La tangawizi. Tangawizi inakausha."

"Mie dafu langu lilikuwa dogo," Amina akasema, akaonyesha kwa mikono dafu la ukubwa wa limau.

Wakageuka wote kwa daktari. Walitaka awaamulie: ni kinywaji cha nani hasa? Kiko kipimo cha kutenganisha dafu na tangawizi kwenye damu? Daktari akasema hakipo. Somoe akasema basi vipimo vya mjini ni vya kukisia. Amina akasema chai ndiyo nyingi, Somoe akasema makombe yalikuwa mawili na hakuna anayeyataja, mke wa mwenyekiti akasema walimu wasiingizwe. Daktari Gideoni akakumbuka mgonjwa wodi nyingine.

Bi Asia alikuwa amesahauliwa katikati ya kesi yake. Alilala anawasikiliza wakisukumiana maji, na pole pole furaha ya kushinda ikampungua. Ameshinda, ni kweli. Watamrudishia kifuu, kabla hata jua halijazama watakuwa wamekubaliana. Lakini walikuwa wameketi pale muda wote huo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anajisikiaje. Waliuliza sufuria, waliuliza chumvi, waliuliza moto na baridi. Alijaribu kukumbuka ni lini mtu alisimama uani kwake bila chungu nyuma yake.

Ndipo Pedro akaingia. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Mahurunga, vumbi hadi kwenye kope, na mkononi ana mfuko wa nailoni. Alipowaona akina mama hakurudi nyuma, ingawa alifikiria. Akautoa mzigo wake: kandambili mbili, zimeoshwa, moja imefungwa kamba mpya ya mpira wa ndani wa tairi.

"Zilikuwa na chumvi nyingi," alisema. "Sikuleta kitu cha kunywa. Nimesikia umezuiwa." Akaziweka sakafuni, pacha, mahali mguu utakaposhukia. "Mama Farida, umeamkaje?"

Bi Asia alifungua kinywa aseme salama. Badala yake akalia, na mtu aliyenyimwa maji siku zote zile akashangaa yametoka wapi machozi mengi kiasi kile.

"Sijaamka vizuri, Pedro," akasema. "Goti pia."

"La kushoto?"

"La kushoto."

Somoe akamshika Amina mkono.

Baada ya kengele ya kutoa wageni, Pedro alibaki kidogo kwa sababu Esta alijifanya hamwoni. Farida akaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

"Wananiambia wewe hawara wangu," Bi Asia akasema.

"Nami wameniambia." Pedro alikuwa anatazama grisi kwenye kucha zake. "Nimewasikia wote kijijini. Nikasema ngoja nimsikie mwenyewe."

Bi Asia alikifikiria kifuu, na hodi za asubuhi, na heshima ya kupita katikati ya wanawake wakikupisha njia. Ilikuwa heshima kubwa, na aliipenda, na angeililia. Alijua pia sharti lake. Hana mume, hana hawara, hana hata wa kumkonyeza.

"Unakula muhogo wa nazi?" akauliza.

"Nakula chochote," alisema Pedro.

Bi Asia aliruhusiwa kutoka mwezi ulipoandama, akapumzika Magomeni kwa Farida hadi kifua kikakauka. Yaliyofanyika Magomeni yalifanyika kwa sauti ya chini, sebuleni, mbele ya mwalimu mmoja, mashahidi wawili na sinia la vitumbua. Mahurunga haikujua, na hilo peke yake ni muujiza.

Kijiji nacho kilikuwa kimeacha kukohoa, kama mafua yanavyoacha. Kikao kiliamua kwamba Bi Asia alidhulumiwa, kwamba waliodhulumu walikuwa wote na kwa hiyo hakuna, na kwamba kuanzia sasa anayekwenda kumtazama mgonjwa wa kifua aende na kitu kikavu. Kwa amri hiyo mzee mmoja mwenye pumu aliletewa karanga hadi akaomba maji. Somoe akatumwa kurudisha kifuu.

Alikwenda asubuhi, siku ya pili tangu Bi Asia arejee. Alikuwa amekaa nacho majuma machache tu na ndani ya majuma hayo alikuwa amenenepa kidogo, amejua kuguna na kusema mtaniua na vyungu vyenu. Sasa alikibeba kwa mikono miwili, uso umemshuka. Alimkuta Bi Asia jikoni ameketi kwenye mkeka, chungu kinatokota, nazi inanukia.

"Hodi, shoga. Nimetumwa. Chako hiki."

"Kaa nacho," Bi Asia akasema.

"Wamesema wewe baridi. Wamekiri wote, hata mke wa mwenyekiti."

"Nimesikia, na nimeshukuru. Kaa nacho, Somoe. Hapo ulipo, chungu changu hakina chumvi, na mimi siruhusiwi kuitia." Akainua mwiko akaonyesha ukutani. "Ni cha kwanza. Nyumba mpya hii."

Somoe akageuka. Ukutani iliegemea baiskeli, na kwenye kamba ya nguo ilianikwa shati la mwanamume lenye grisi mkononi. Kinywa kikamwachama, halafu uso mzima ukamchanua kwa furaha ya mtu aliyesadikishwa.

"Si nilisema! Si nilisema mie, wakaniona nchonganishi!"

"Ulisema mapema mno. Tia chumvi, muhogo unaungua."

Somoe akapiga magoti. Akazamisha vidole vitatu, akabana, akaupitisha mkono juu ya chungu, na mkono haukutetemeka. Kisha akachukua upawa, akachota, akaonja. Bi Asia alitaka kusema kitu kuhusu wasiojiamini, akakimeza. Somoe akajifunga vizuri kanga, akachukua kifuu chake, akaanza kuondoka; nyumbani hakukuwa na mtu wa kumngoja, ila palikuwa na chungu kwa Amina.

"Somoe," Bi Asia akamwita.

"Imepungua?"

"Imekolea. Umeamkaje?"

Somoe alisimama mlangoni na kifuu mkononi. Alifungua kinywa kujibu salama, akakifunga. Akatazama chini, akayatazama majivu, kisha akaketi pale pale kizingitini.

"Kiuno, shoga," alisema. "Tangu marehemu alipoondoka, kiuno hakinipi usingizi."

"Upande gani?" akauliza Bi Asia, akamsogezea kigoda.